Maharage Yaliyokataa Kuoana

Pale Mikumi mjini, abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya wanaposhuka kuchimba dawa, huwakuta wachuuzi wamepanga visado vya maharage. Nilinunua viwili. Kimoja cha kablanketi, punje nene zenye mabaka ya zambarau. Kingine cha maharage madogo ya rangi ya kaki, ambayo mama muuzaji aliyaita tu "yale madogo, baba, yanawahi kuiva". Nilipofika nyumbani nilipanga mezani punje kumi za kila aina, mstari kwa mstari. Mstari wa kablanketi uliupita ule mwingine kwa urefu wa kidole.

Kwa mpishi tofauti hiyo ni ya mkaa na mchuzi. Kwa mzalishaji wa mbegu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukichukua chavua ya haragwe dogo ukaipaka kwenye ua la haragwe kubwa, mara nyingi mambo yanakwenda sawa. Lakini kuna wazazi ambao ukiwakutanisha punje inafunga vizuri, inaota vizuri, kisha mche unasimama pale pale. Majani yanajikunja kama yamepigwa na ugonjwa. Mizizi inakufa, na mche unajaribu kutoa mizizi mingine shinani, juu ya ile iliyokufa. Unatafuta mdudu, humwoni. Unapima kirusi, hakuna. Wazazi wote wawili wamesimama jirani wakiwa na afya tele.

Imechukua karibu miaka 100 kuelewa nini kinamuua mtoto huyo, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa kwetu, kuanzia Thika hadi Morogoro.

Ndugu walioachana zamani

Haragwe ni mgeni Afrika. Mababu zake wa porini waliishi Amerika, na zaidi ya miaka 100,000 iliyopita waligawanyika: tawi moja likabaki Meksiko na Amerika ya Kati, jingine likaishi kusini kwenye milima ya Andes. Kama miaka 8,000 iliyopita watu wa kila upande, bila kujuana, walianza kulilima haragwe lao. Upande wa Meksiko ukatoa zaidi punje ndogo, upande wa Andes punje kubwa. Baadaye meli za Wareno zikavusha bahari mbegu za pande zote mbili. Zilipofika Afrika Mashariki zilichanganywa gunia moja, na wakulima wetu wakazipenda zaidi zile kubwa. Mpaka leo maharage mengi ya Tanzania ni ya damu ya Andes.

Hapa msomaji atauliza: kama yamekaa gunia moja kwa karne kadhaa, mbona hakuna aliyeiona ile miche inayokufa? Jibu liko ndani ya ua. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, na nyuki akifika hukuta shughuli imeshamalizika. Mkulima wa milima ya Vidunda, kule juu ya Kidodi, anaweza kupanda aina tatu shamba moja mwaka hadi mwaka, na kila aina ikabaki yenyewe. Ndugu hawa waliishi nyumba moja bila kuoana, mpaka alipokuja mtu na kibano.

1909 hadi 1942: wazo linatangulia ushahidi

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko utafiti wa maharage. Charles Darwin alisumbuliwa na swali la machotara wagumba au dhaifu: kama uteuzi wa asili huondoa kilicho kibovu, ubovu wa chotara uliwezaje kujengeka? Mwaka 1909 Mwingereza William Bateson aliandika jibu ambalo halikushika masikioni mwa watu. Theodosius Dobzhansky, Mrusi aliyehamia Marekani, alilifikia kivyake katika miaka ya 1930 akichunguza nzi wadogo wa matunda, na Hermann Muller akalipanua mwaka 1942. Vitabu vingi vimempa sifa Dobzhansky na Muller. Bateson alisahaulika kwa miongo mingi, jambo ambalo mimi naliona kama dhuluma ndogo ya historia.

Wazo lao ni jepesi. Chukua vijiji viwili vyenye sungusungu. Kijiji cha kwanza kinabadilisha neno la siri, na wote wa kijiji hicho wanalijua, hakuna anayeumia. Kijiji cha pili kinabadilisha rungu kuwa panga, na wenyewe wameshazoeana, hakuna anayeumia. Kila badiliko ni salama kwao. Sasa wapeleke sungusungu wa vijiji vyote viwili kulinda mtaa mmoja usiku. Asubuhi mtazika watu, na hakuna kijiji kilichokosea.

Ndivyo jeni mbili zinavyofanya. Kila moja ilizaliwa na kuzoeleka katika ukoo wake. Hazijawahi kukutana, hivyo uteuzi wa asili haujawahi kupima kama zinapatana. Bateson na wenzake hawakujua jeni hizo hufanya kazi gani mwilini. Nimetumia mfano wa walinzi makusudi, na sababu itaonekana mbele.

Ilonga: sifa njema za chotara

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, jirani na mji wa Kilosa, kilianza mwaka 1943. Pamba ya kanda ya mashariki ilipata hapo aina zake zilizobeba herufi IL, za jina la kituo. Baadaye mahindi yakachukua nafasi ya mbele: mwaka 1974 mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi uliwekwa Ilonga, na mwaka 1983 zikatoka Kilima, Staha na Kito. Mwaka 1987 ikafuata TMV-1, mbegu iliyotengenezwa ili ivumilie kirusi cha milia, ugonjwa unaolichora jani la hindi mistari ya njano kutoka shina hadi ncha.

Mahindi hufundisha somo moja tu kuhusu mchanganyiko: kadiri wazazi wanavyotoka mbali, ndivyo mtoto anavyotoka na nguvu. Hindi ni mmea wa kuchanganyika, upepo hubeba chavua yake shamba hadi shamba, na jeni zake zimezoea kukutana na wageni kila msimu. Ndiyo maana katika duka la pembejeo la Kilosa neno "chotara" kwenye mfuko ni tangazo la biashara. Mteja analipia zaidi kwa sababu ya neno hilo. Anayetoka katika mahindi akaingia katika maharage huja na imani hiyo. Haragwe humrudisha shuleni.

Jeni iliyosifiwa mno

Adui mkubwa wa haragwe katika nchi nyingi ni kirusi cha batobato. Huingia ndani ya mbegu yenyewe, na shambani husambazwa na vidukari, wale ambao wakulima wengine huwaita wadudu mafuta. Jani hupata mabaka ya kijani kibichi na njano, hujikunja, na mazao hupungua. Katika miaka ya 1930 Wamarekani waligundua kwamba aina moja ya maharage mabichi, Corbett Refugee, haiugui. Mwaka 1950 mtafiti M. A. Ali alionyesha kwamba kinga hiyo inatawaliwa na jeni moja yenye nguvu, ikapewa herufi moja tu: I.

Wazalishaji wa mbegu waliishangilia. Jeni moja, rahisi kurithisha, na mmea unaoibeba haupitishi kirusi kwenye mbegu zake. Ilisambazwa Marekani na Ulaya, na kituo cha kimataifa cha CIAT kilichoanzishwa mwaka 1967 karibu na Cali, Kolombia, kikaiingiza katika mistari yake mingi ya maharage, yaani mbegu inazozalisha. Dosari ilijulikana mapema, lakini ilionekana ndogo: aina fulani za kirusi, au joto likipita nyuzi 30, huufanya mmea wenye jeni I ufe ghafla. Mishipa ya majani huwa myeusi, weusi unashuka shinani hadi mizizini, mmea unakauka. Wataalamu wakauita ugonjwa wa mizizi myeusi.

Ulaya na Marekani kirusi cha aina hiyo kilikuwa nadra. Hakuna aliyeuliza kwa sauti kubwa: je, Afrika?

1965 hadi 1985: watoto waliodumaa

Wakati huo kisa cha pili kilikuwa kinaendelea mahali pengine. Mwaka 1965 Dermot Coyne, mtafiti wa Nebraska, alieleza miche ya mchanganyiko wa maharage iliyolemaa kwa namna iliyofanana na dalili za kirusi. Ilikuwa rahisi kuitupa kama mimea iliyoambukizwa, na bila shaka wengi kabla yake waliitupa. Coyne alionyesha kwamba ulemavu ule unarithiwa.

Kisha zamu ya Afrika Mashariki. Thika, Kenya, kulikuwa na mradi wa mikunde ambao Wakenya wanaukumbuka kwa herufi zake GLP. Rosecoco inayouzwa Nairobi hadi leo huitwa GLP 2. Mholanzi H. A. van Rheenen, aliyefanya kazi katika mradi huo, alichapisha mwaka 1979 taarifa fupi kuhusu jeni mbili zenye nguvu ambazo kila moja peke yake haina neno, lakini zikikutana kwenye haragwe moja huliacha nusu ya kufa. Ni zile kurasa chache ambazo mtu huzisoma kwa dakika tano. Kwangu zina uzito kuliko ukubwa wake: Bateson alikuwa amelieleza jambo hili kwa fikra tupu, na sasa liko kwenye kitalu cha Thika.

Mwaka uliofuata kundi la Oregon likiongozwa na Shii liliziita jeni hizo DL1 na DL2, likaonyesha kwamba hesabu ya nakala ndiyo inayoamua. Nakala moja ya kila jeni humdumaza mtoto. Nakala mbili za kila moja humuua angali mche. Joto nalo lina sauti katika matokeo.

Mwaka 1984 Singh na Gutiérrez wa CIAT walifanya kazi ya subira: walivusha chavua kati ya maharage mengi ya sehemu mbalimbali, wakaandika nani ana ipi. Ramani ilijichora yenyewe. DL1 ilikaa kwenye punje ndogo za upande wa Meksiko, DL2 kwenye punje kubwa za Andes. Mwaka 1985 Gepts na Bliss walitumia udhaifu huohuo wa machotara kudai kwamba haragwe lina koo mbili zilizolimwa kila moja kivyake. Madai hayo yalithibitishwa baadaye kwa protini za punje na kwa vinasaba vyote. Kwa maneno mengine, ile historia ya ndugu walioachana niliyoianza juu haikuanza kusomwa kwenye magofu ya kale. Ilianza kusomwa kwenye miche inayokufa.

Kirusi chenye jina la nchi

Rudi sasa Morogoro, kama kilomita 120 kutoka Mikumi. Miaka ya 1980 kitivo cha kilimo cha pale, ambacho mwaka 1984 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilishirikiana na watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, katika mradi wa maharage. Mistari yenye jeni I ilianza kuja Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu kwa matumaini makubwa. Ilipandwa kando ya maharage ya wenyeji.

Ya wenyeji yalipata batobato, yakawa na mabaka, yakapunguza mazao, lakini yakavunwa. Yale yenye kinga bora yalikufa yakiwa meusi.

Mwaka 1986 Silbernagel na wenzake walieleza kirusi kimoja kilichotoka Tanzania, wakakipa alama TN1. Kilikuwa cha lile kundi la hatari, ambalo huua mmea wenye jeni I bila hata kusubiri joto. Katika miaka ya 1990 kundi hilo lilitengwa na kirusi cha batobato cha kawaida na kupewa jina lake, na ushahidi ukaonyesha kwamba kwao ni Afrika, ambako hujificha kwenye mikunde ya porini. Theresa Sengooba na wenzake walikionyesha hivyo Uganda mwaka 1997. Mwaka 2000 Njau na Lyimo wa Sokoine walitoa matokeo yao ya kupima mbegu za maharage na za mikunde ya porini ya Tanzania. Mwituni kwetu mikunde imejaa. Hata miyombo inayotanda kati ya Mikumi na Kilosa ni ya ukoo huo.

Tazama basi kilichotokea. Haragwe lililetwa na mabaharia. Kirusi kilikuwa hapa kikiishi kwa amani na mimea ya porini. Jeni I ikaletwa na wataalamu. Watatu hao walikuwa hawajawahi kukutana. Jeni I ilikitambua kirusi, kama ilivyopaswa, lakini haikuweza kukizuia mahali pamoja. Kirusi kikakimbia ndani ya mishipa, na kinga ikakifuata nyumba hadi nyumba ikichoma kila nyumba kilimopita. Kilichoua mmea ni ulinzi wake wenyewe.

Dawa ilikuwa imeshatayarishwa Uholanzi. Eelco Drijfhout mwaka 1978 alipanga jeni nyingine zenye kinga ya kimyakimya, zinazoitwa bc, ambazo hukinyima kirusi mahali pa kujizalishia. Ukiifunga jeni I pamoja na bc-3, kirusi hakipati nafasi ya kuamsha ule moto. Tangu hapo kazi ya wazalishaji wa mbegu wa ukanda huu imekuwa kuzifunga pamoja. Chuo cha Sokoine kilitoa SUA 90 mwaka 1990 na Rojo mwaka 1997, huku vituo vya utafiti vya Uyole, Lyamungu na Selian vikitoa za kwao.

Lakini kuzifunga pamoja kunahitaji kuvusha chavua kati ya punje ndogo na punje kubwa. Na hapo DL1 na DL2 wanasubiri mlangoni.

2007: visa viwili vinakutana

Mwaka 2007 majibu yalitoka mara mbili. Matthew Hannah na wenzake waliunganisha shina la haragwe la upande mmoja na mizizi ya upande wa pili, kama mkulima anavyobebesha miche ya michungwa. Hakukuwa na mtoto wala ndoa, ni kiungo tu. Bado ishara ilishuka kutoka shinani na mizizi ikafa, na ndani ya kifo hicho walikuta asidi ya salisili, kemikali ambayo mimea huitumia kuamsha kinga inapovamiwa na vimelea. Mizizi ya chotara ilikuwa inapigana vita bila adui.

Mwaka huohuo Kirsten Bomblies, Detlef Weigel na wenzao huko Tübingen, Ujerumani, walitoa kisa kinachofanana katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao wanasayansi wanaupenda kama madaktari wanavyompenda panya wa maabara, na ambao kwetu unaota Kilimanjaro. Kati ya mamia ya michanganyiko waliyoifanya, karibu asilimia 2 ilizaa watoto wanaokauka kwa madoa. Ukiwakuza kwenye nyuzi 16 wanakufa. Ukiwahamishia nyuzi 23 wanapona. Chanzo kilikuwa jeni za kinga. Mwaka 2014 kundi hilohilo lilichapisha matokeo ya machotara zaidi ya 6,000 kutoka kwa wazazi 80, na mara nyingi kidole kiliwaelekea walinzi walewale: familia ya jeni ambazo kazi yake ni kutambua mvamizi na kupiga filimbi.

Kwa nini wao? Kwa sababu vimelea hubadilika kila msimu, na walinzi nao hulazimika kubadilika haraka kuliko jeni nyingine nyingi. Koo mbili zikitengana, walinzi ndio wa kwanza kuwa wageni kwa wenzao. Ngano ilitoa mfano wa wazi zaidi. Jeni yake ya kukausha machotara, Ne2, ilikuwa imechunguzwa kwa miongo mingi. Mwaka 2021 ilithibitika kuwa ni ileile Lr13 ambayo wazalishaji walikuwa wakiisambaza duniani kwa furaha kama kinga ya kutu ya majani. Jeni moja, majina mawili, sifa na lawama.

Jeni I nayo inakaa mwishoni mwa kromosomu ya pili ya haragwe, katikati ya kundi la jeni za walinzi wa familia hiyohiyo. Kisa cha mizizi myeusi na kisa cha watoto waliodumaa havikuanza pamoja, wala wahusika wake hawakuwa walewale, lakini vyote viwili vinaelekea kuwa habari ya mlinzi aliyekutana na asiyemzoea.

Kwenye makopo

Ukisikia mtu anasema mchanganyiko wa mbali hauna maana kwenye maharage, usimwamini. Wazazi wengi hawabebi DL1 wala DL2, na hao ndio madaraja: unavusha kinga kutoka punje ndogo kwenda kwa mzazi daraja, kisha kutoka kwake kwenda kwenye kablanketi ambayo mama wa Mikumi anajua itanunuliwa. Inaongeza misimu, inaongeza gharama, na ni sehemu ya sababu mbegu mpya ya maharage huchelewa kumfikia mkulima kuliko ya mahindi. Mkulima wa Kilosa anayelalamika kwamba mahindi yana mifuko ya kila rangi na maharage hayana, analalamika kwa haki. Sehemu ya jibu ni soko, kwa kuwa mbegu inayojichavusha mkulima huihifadhi mwenyewe na kampuni haioni faida. Sehemu nyingine ni DL1 na DL2.

Maabara sasa zinaweza kuzisoma jeni I na bc kwenye kipande cha jani kabla mmea haujatoa ua. Hata hivyo, mzalishaji makini anayekutanisha wazazi wapya bado hupanda kwanza punje chache za uzao wa kwanza kwenye makopo na kusubiri majani ya kwanza yafunguke. Yakijikunja, anamwaga udongo, anaosha kopo, anatafuta mzazi mwingine.